Njia ya Kolwezi na mashini inayonusa

Wengi kati yenu mnaijua njia hii kunipita mimi, kwa kuwa waume na wana wenu wanaipita kila mwezi kwenda kutafuta mkate. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilometa 120 hivi. Kutoka Likasi mpaka Kolwezi zinabaki karibu 180. Siku hizi ni lami na mtu analipa peaji, lakini usifikiri utaenda mbio. Mbele yako kuna kamyo iliyobeba vibao vya shaba, nyuma yako kamyo ya asidi, na kando ya barabara kijana anasukuma kinga yenye magunia ya makala yanayopita kichwa chake. Vichuguu vyekundu vinasimama porini, vikubwa kama nyumba. Mwezi wa nane mvua iko mbali, mavumbi yanafunika majani mpaka mti wa kijani unageuka kuwa mwekundu, na ndani ya basi kila mtu anafunga dirisha. Shikeni jambo hilo la madirisha, maana tutalirudia.

Nilikuwa naenda Kolwezi kwa kilio cha kijana mmoja. Habari yake nitaisema mbele.

Sisi watu wa Katanga tumelelewa na pua. Mtoto wa Lubumbashi wa wakati wa zamani alijua upepo unatoka upande gani kwa ule moshi wa kiwanda uliomkaba koo akienda masomo. Bomba lenyewe, lenye kupita mita 150, linasimama kando ya kilima cheusi ambacho watu wanakiita terili. Udongo nao una alama zake. Kati ya Likasi na Fungurume utaona vilima vyenye upara, miti haimei. Juu yake kunaota kamajani kadogo kenye maua ya zambarau, ambako wataalamu wanakaita Haumaniastrum katangense. Kanapenda udongo wenye shaba, na watu wa kutafuta madini walikafuata kama mtu anayefuata kidole: chimba hapa. Ua hilo linaonyesha kilicho chini ya miguu yetu. Kwa kilicho ndani ya hewa hatuna ua.

Pale Likasi aliingia ndani ya basi dada mmoja niliyemfahamu tangu alipokuwa anaimba katika korali ya vijana. Amesomea kemia, na kazi yake sasa ni kupima hewa ambayo wafanyakazi wanavuta katika kiwanda kimoja cha shaba upande wa Kolwezi. Alikaa karibu nami, tukasalimiana, tukaulizana habari za wazazi. Basi lilinuka esansi. Mtu fulani alikuwa ameweka bidoni chini ya kiti, jambo ambalo kwenye njia hii halimshangazi mtu. Tukaondoka. Mavumbi yakaanza, madirisha yakafungwa.

Baada ya nusu saa hivi akaniuliza: "Papa Pasta, ungali unasikia harufu ya esansi?"

Nikamjibu kwamba hapana, imeisha.

"Haikuisha. Bidoni iko paka pale pale. Pua yetu njo imechoka."

Akafungua mfuko wake, akatoa mashini ya manjano inayoenea ndani ya mkono, akaiwasha. Ilikaa kidogo ikijipasha, kisha namba zikaanza kupanda. Zilipopita kipimo kilichowekwa, mashini ikalia kwa sauti ya juu na taa nyekundu ikawakawaka. Mama mmoja akashtuka, akauliza kama ni bomu. Yule dada hakujibu. Aliishusha mashini polepole kuelekea chini, na namba zikapanda zaidi. Pale chini, kati ya viti, juu ya kifurushi cha vikwembe, mtoto wa mama yule alikuwa amelala usingizi mzito.

Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, mara tatu mpaka nne. Haupandi kwenye dari kama moshi. Unatambaa chini kama maji yasiyoonekana na kukaa mahali pa bonde. Basi lililofungwa madirisha ni bonde. Mtu mzima aliyekaa kitini, kichwa chake kiko juu ya maji hayo. Mtoto wa chini amezama.

Mwenye bidoni alikasirika. "Hii esansi ni yangu, na nafasi yake nililipa! Tena hakuna mutu hata mumoja mwenye anasikia harufu!" Na kweli, msomaji mpendwa, alikuwa anasema haki. Sisi wote hatukusikia kitu. Hiyo ndiyo tabia ya pua: inapiga kelele mwanzoni, halafu ikiona kwamba harufu haiondoki, inanyamaza. Kwa mama anayepika samaki ni neema. Katika hewa yenye sumu ni hasara. Nyuma kabisa baba mmoja alikuwa tayari ameshika sigara na kibiriti, akisikiliza mabishano kama sisi wengine. Shofere akasimamisha basi. Madirisha yote yakafunguliwa, mtoto akaamshwa akatolewa nje, na bidoni ikapandishwa juu kwenye mizigo. "Kule juu pia si pazuri," yule dada alimwambia shofere, "lakini humu ndani ni pabaya kupita." Tulipoingia tena, mashini ilikuwa imeshuka karibu na sifuri, na baba wa nyuma akairudisha sigara yake ndani ya pakiti bila kuombwa.

Kutoka pale mpaka tulipovuka mto Lualaba sikumwachia nafasi ya kulala. Nilitaka kujua ile mashini inanusaje.

Alianza na jina. Viyeyushi, alisema, ni yale maji-maji yanayoyeyusha vitu ambavyo maji ya bomba hayawezi: rangi, grisi, koli ya viatu, verni ya seremala. Diliani ya garaji ni kiyeyushi. Asetoni ambayo wadada wanatumia kufuta rangi ya kucha ni kiyeyushi. Esansi nayo, na mafuta ya taa, ile tunayoita petrole. Vyote vina tabia ya kukimbilia hewani, na vikiwa hewani vinatishia watu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni moto. Esansi ikifika sehemu 1,4 katika kila sehemu 100 za hewa, cheche moja inatosha. Njia ya pili ni mwili, na hapo kipimo ni kidogo kabisa, hata hakihesabiwi kwa mia bali kwa milioni. Ndani ya esansi mna kitu kinachoitwa benzene, ambacho kinaleta kansa ya damu. Sheria ya kazi ya Marekani inamruhusu mfanyakazi wa saa nane kuvuta sehemu 1 tu ya benzene katika sehemu milioni za hewa. Na pua? Pua ya watu wengi haianzi kuinusa mpaka imepita kipimo hicho. Maana yake, siku unaposema "hapa panasikilika benzene", umekwisha kuchelewa.

Mashini ya manjano inafanya kazi na taa. Ndani yake mna balbu ndogo inayotoa mwanga ambao jicho halioni, wa jamii ya ule mwanga wa jua unaochoma ngozi, lakini wenye nguvu zaidi. Hewa inavutwa, inapita mbele ya balbu. Mwanga ukigonga chembe ya benzene au ya toluene unaing'oa elektroni moja, na elektroni hizo zikikusanywa zinakuwa mkondo mdogo wa umeme. Mkondo ukiwa mkubwa, mvuke ni mwingi. Oksijeni na naitrojeni za hewa ya kawaida ni ngumu, mwanga huo hauwezi kuzing'oa kitu, kwa hiyo mashini haizioni.

"Basi inajua kila kitu," nikasema.

Akacheka. "Papa, haijue hata jina. Inasema tu: kuko kintu. Kama ni esansi, kama ni diliani, kama ni manukato ya mama wa mbele, yeye anahesabia yote pamoja." Tena kuna gesi ambazo haizioni kabisa. Metani, ile gesi inayolipua migodi ya makaa ya mawe, ni ngumu kupita nguvu ya balbu hiyo. Mtu anaweza kusimama katikati ya metani na mashini imeonyesha sifuri.

Kwa metani na kwa hatari ya moto kuna mashini ya jamii nyingine, na hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1815 Mwingereza Humphry Davy alitengeneza taa ya wachimbaji iliyofunikwa na wavu wa chuma, na mchimbaji aliangalia ndimi za moto wake: zikibadilika rangi na urefu, gesi ipo. Kuelekea mwisho wa karne ile John Scott Haldane akashauri ndege wadogo waitwao kanari wachukuliwe chini ya ardhi, kwa sababu wanaanguka mbele ya mtu. Waingereza waliendelea na kanari mpaka 1986. Lakini jambo kubwa, kwa habari yetu ya viyeyushi, lilitokea Marekani katika 1926 na 1927. Matangi ya mafuta yalikuwa yanalipuka, na Oliver Johnson, aliyefanya kazi kwa kampuni ya mafuta huko California, akaona kwamba waya wa platini ukipashwa moto unaweza kuchoma mvuke uliomo hewani kidogo-kidogo, bila mlipuko, na joto la kuchoma huko linaweza kupimwa. Mwisho wa miaka ya 1950 mwenzake wa Uingereza, Alan Baker, akauficha waya ndani ya shanga ndogo ya udongo maalum.

Yule dada alinieleza shanga hizo kwa njia ambayo sitaisahau. "Ni bapasa, Papa. Kyungu na Kabange." Shanga mbili zinazalishwa sawa, zinapashwa moto sawa. Moja imepakwa dawa inayochoma mvuke, nyingine haikupakwa. Hewa safi ikipita, mapacha wanabaki na joto moja. Mvuke ukipita, Kyungu anapata homa na Kabange anabaki vile alivyokuwa. Mashini inapima tofauti ya homa yao, basi. Kwa nini wawili? Kwa sababu kama jua limewaka au mvua imenyesha, wote wawili wanalisikia pamoja, na mashini haidanganyiki.

Aina ya tatu ilinifurahisha kuliko zote, kwa kuwa inatugusa sisi wa Kongo. Mjapani Naoyoshi Taguchi, katika 1962, aliombea haki chombo cha kunusa kilichotengenezwa kwa oksidi ya bati. Katika nchi yake gesi ya kupikia ilikuwa inalipuka nyumbani mwa watu. Sasa, oksidi ya bati ni nini? Ndiyo kasiterite, jiwe lile lile zito na jeusi ambalo baba zetu walichimba Manono. Ukiisafisha, ukaisaga, ukaipasha moto, chembe zake zinakamata oksijeni ya hewa na umeme unapita kwa shida. Mvuke wa kiyeyushi ukija, unaila ile oksijeni, na umeme unapita kwa wepesi. Chombo kama hicho ni cha bei ndogo. Wanafunzi wa shule za ufundi wanakinunua na kukiunganisha wenyewe kwenye kengele. Lakini nacho kinashtuka kwa mambo mengi: unyevu wa mwezi wa kwanza, moshi wa mbabula, na pumzi ya mjomba aliyetoka kwenye lutuku. (Hilo la mjomba si utani wangu. Pombe ni kiyeyushi kama vingine, na vyombo vya jamii hiyo vinatumiwa kupima pumzi ya mashofere.)

Tulifika Kolwezi jioni. Kwenye kilio moto ulikuwa umewashwa uani, wamama ndani, wanaume na vijana nje kwenye viti vya kuazima.

Marehemu alikuwa na miaka 24. Alikuwa na kikundi cha vijana wanaosafisha matangi, kazi ya kupewa leo na kukosa kesho. Walikuwa wameitwa kusafisha tangi la esansi lililo chini ya ardhi. Lilikuwa limepompewa likaisha, limekaa wazi usiku mmoja, na mwenye kazi aliwaambia ni tupu. Yule kijana alishuka na ndoo na vitambaa. Wenzake walimwita, hakujibu. Mdogo wake akashuka kumfuata, naye akaanguka kwenye ngazi. Walimtupia kamba, na kwa kuwa alikuwa bado na nguvu ya kushika, akatolewa mzima. Kaka yake alitolewa baadaye. Nilimkuta yule mdogo amekaa peke yake nyuma ya nyumba. Aliniambia neno moja: "Pasta, harufu haikukuwa nguvu." Sitaongeza kitu juu ya hilo.

Tangi tupu si tupu. Esansi iliyobaki kwenye matope ya chini inaendelea kutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke ni mzito hauna haraka ya kutoka kwenye tundu la juu. Unaisukuma hewa, mtu anakosa oksijeni, na mvuke wenyewe unalewesha kichwa. Dakika chache zinatosha.

Baada ya mazishi dada wa korali alinipatia ruhusa ya kuona kiwanda chao. Nilivalishwa kaske, buti na miwani, nikasikilizishwa maelezo ya usalama kama mtoto wa shule ya Jumapili. Shaba ya huko haiyeyushwi kwa tanuru. Jiwe linasagwa, linatiwa asidi, na shaba inaingia ndani ya maji ya asidi. Maji hayo yana rangi ya buluu nzuri, lakini yana uchafu mwingine pia. Hapo yanachanganywa na mafuta yanayofanana na petrole, ambayo ndani yake mmewekwa dawa inayoshika shaba na kuacha vingine. Kisha mchanganyiko unaachwa utulie katika mabwawa mapana yenye paa. Mama yeyote aliyepika sombe kwa mawese anajua kitakachotokea: mafuta yanapanda juu, maji yanabaki chini. Mafuta yamebeba shaba. Yanaoshwa kwa asidi kali zaidi, shaba inatoka, na umeme unaibandika kwenye vibao vile tulivyoviona kwenye kamyo.

Kwa hiyo juu ya mabwawa yale kumelala mafuta ya taa, mita na mita. Harufu ilinipiga mlangoni, na nilipofika bwawa la pili ilikuwa "imeisha". Nilitabasamu mwenyewe.

Enjinieri aliyetuongoza, mzee mpole, alituonyesha vyombo vya mapacha vilivyofungwa karibu na chini, kwenye mifereji ambako mafuta yakimwagika yatakusanyika. Lakini alinionya nisivitumainie kupita kiasi, na maneno yake nayaona kuwa ya haki. Mafuta ya kazi hii yamechaguliwa ili yasishike moto upesi. Kwa kawaida hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yapate joto la kupita nyuzi 70. Siku za kawaida vyombo vinalala. Hatari ni siku ambayo mafuta yanarushwa kuwa matone madogo kama ukungu, au yanapita mbio ndani ya bomba za plastiki na kuzalisha umeme tuli, ule unaokupiga kidole ukivua nguo ya nailoni. Ukungu si mvuke, na mapacha wanaweza wasiutambue. Ndiyo maana pamewekwa pia nyaya zinazosikia joto na macho yanayoona moto. Alitaja Olympic Dam, mgodi wa shaba na urani huko Australia, ambao sehemu yake ya namna hii iliungua mara mbili, Desemba 1999 na tena Oktoba 2001. Viwanda vilivyojengwa baada ya hapo vilijifunza mengi kwa moto ule.

Kila asubuhi, mbele ya kazi, yule dada anachukua chupa ndogo yenye gesi ya kipimo kinachojulikana, anaipulizia mashini moja moja, na kuangalia kama kila moja inalia. Isiyolia hairudi kazini. Nilifikiri ni desturi tu, mpaka aliponionyesha moja iliyokufa. Mfagiaji mmoja, kwa upendo wote, alikuwa ameing'arisha kwa dawa ya kupuliza yenye silikoni. Silikoni inafunika ile dawa ya Kyungu, naye hapati tena homa hata akiwekwa juu ya esansi. Kwa nje mashini ilikuwa nzuri kuliko zote, inang'aa, taa yake ya kijani inawaka.

Kuna jambo jingine ambalo kila baba anayefanya kazi na vyombo hivi angelijua. Mashini nyingi za mapacha zinafundishwa kwa metani. Zikikutana na mvuke mzito kama wa petrole au diliani, zinaonyesha pungufu, hata nusu tu ya ukweli. Inaposoma 20, yaweza kuwa 40. Mwenye kuisoma lazima ajue ilifundishwa na gesi gani, la sivyo anasoma barua ya mtu mwingine.

Na kwa habari ya mwili, wafanyakazi wa mabwawa wanavaa kwenye kola kidude kidogo chenye makaa maalum ndani yake. Hakilii wala hakina taa. Kinakunywa hewa polepole kwa masaa yote ya kazi, jioni kinafungwa na kupelekwa laboratware, na huko wanasema mtu huyu alivuta nini na kiasi gani. Niliwaza juu ya vijana wetu wa garaji wanaopaka magari rangi ndani ya kontena lililofungwa ili mavumbi yasiharibu kazi, na wale watoto wa sokoni wanaonusa koli kwa kupenda, ambayo toluene yake inaharibu ubongo. Hao hakuna anayewavalisha kidude.

Usiku wa mwisho mbele ya kurudi, vijana wa kile kikundi walikuja kuniona, saba kwa hesabu. Walikuwa wamesikia kwamba nimetembelea kiwanda na kwamba dada anajua mashini. Tulimwita. Swali lao la kwanza lilikuwa bei. Aliwaambia bila kuficha kwamba mashini ya taa inaweza kupita bei ya pikipiki mpya, na kwamba kwa tangi hiyo peke yake haitoshi. Ya mapacha peke yake ndiyo mbaya zaidi, akasema, na hapo wote wakanyamaza kusikiliza. Mapacha wanahitaji oksijeni kwa kuchoma. Ndani ya tangi lililojaa mvuke kupita kiasi oksijeni ni haba: namba inapanda mara moja, halafu inaanguka yenyewe mpaka karibu na sifuri, na mtu wa haraka atasema hewa ni safi. Kwa hiyo inatakiwa mashini yenye kupima pia oksijeni. Hewa nzuri ina 20,9 kwa mia. Ikishuka chini ya 19,5 mtu haingii.

"Na kama hatuna?" mkubwa wao akauliza.

"Mwenye tangi njo analeta mashini. Si shiye. Kama hana, hakuna mutu wa kushuka, hata akiongeza feza." Aliendelea kuwaonyesha kwa mkono: kwanza kupuliza hewa ndani kwa muda mrefu, kwa ventileta isiyotoa cheche, kisha kushusha mashini kwa kamba, si kichwa cha mtu, kusimama juu, katikati na chini kabisa, na kungoja kila mahali mpaka namba itulie, kwa kuwa mvuke haukai sawa. Tena mmoja abaki nje siku zote, bila kazi nyingine isipokuwa kuangalia, na asishuke kamwe kumfuata mwenzake.

Walibishana kidogo juu ya nani atamwambia mwenye kazi maneno hayo, maana yuko mwingine barabarani atakayeshuka bila masharti. Hawakumaliza neno hilo. Mdogo wa marehemu, ambaye hakuwa amesema kitu tangu mwanzo, aliuliza matangi ya kawaida yana kina gani. Walikisia mita tatu. Akaingia nyumbani, akarudi na kamba, akaanza kuipima kwa mikono yake na kufunga fundo katika kila mita. Ilikuwa ile ile aliyotolewa nayo.